Mpishi na Mwenyekiti wa Nyani

Mgeni yeyote aliyelala kwetu, ukifungua simu yake utamkuta Mpishi. Watu walitoka mbali kuja kupiga picha za sokwe, na sokwe hawapendi kupigwa picha; wanakaa nyuma ya majani, wanakupa mgongo, wanajikuna. Mpishi yeye alikuwa anapatikana. Alisimama mlangoni mwa jiko lake na kofia ndefu nyeupe kichwani, mikono kaifungia nyuma kama mkaguzi wa shule, huku nyani wamepangana juu ya paa wakimtazama kisogo. Mgeni akirudi kutoka msituni amelowa, ameumwa na siafu, na hajaona kitu, alimpiga Mpishi picha ili asirudi kwao mikono mitupu.

Nilikaa mapokezi katika loji ile kwa miaka mingi, na Mpishi nilimkuta. Loji iko kusini, mbali kupita Ilagala, mahali ambapo milima inashuka na msitu wake mpaka mchangani na hakuna barabara. Kila kitu kinakuja kwa boti kutoka Kigoma: mchele, mitungi ya gesi, mashuka, wageni. Jina analo, kama watu wote, lakini hata mkewe alipopiga simu mapokezi alisema, "Binti, niitie Mpishi." Nami nitamwita hivyohivyo.

Jambo la kwanza la kusema juu yake ni kwamba aliishi katikati ya wanyama na hakuwapenda. Hakuwachukia wote sawasawa. Kiboko aliyekuwa akitoka ziwani kula majani karibu na mahema alimheshimu, kwa sababu kiboko hali mkate. Fisi maji alimwona mwizi wa samaki, lakini mwizi msafi, anayenawa kabla na baada. Sokwe hakuwa na habari nao. Loji nzima iliishi kwa sokwe. Waliokuwa wakitandika vitanda, waliokuwa wakiendesha boti, mimi niliyekuwa nikigawa funguo, sote tulikula kwa sababu sokwe walikuwepo kule juu. Mpishi hakuwahi kupanda mlima kuwaona. Meneja alimpa nafasi zaidi ya mara moja, aende na kundi, apumzike na moshi. Alijibu kwamba ana kitunguu jikoni.

Mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, mwanamke mcheshi, alimuuliza mezani, "Mzee, kweli hujawahi kuwaona sokwe, miaka yote hii?"

"Na wao hawajawahi kuja kuniona mimi," Mpishi alisema. "Tuko sawa."

Wapi alijifunza upishi hatukujua kamwe. Mimi aliniambia Bujumbura, katika hoteli iliyokuwa na ngazi moja ya kupandia na nyingine ya kushukia. Nahodha wa boti yetu aliambiwa Lubumbashi, kwa mapadri waliopenda bata. Meneja aliambiwa alianzia melini, akikaanga mayai wakati ziwa limechafuka, na meneja akayaweka hayo kwenye mtandao wa loji, wageni wakayasoma. Siku moja mimi na Nahodha tulibishana mbele yake, kila mmoja na habari yake. Mpishi alitusikiliza kwa makini kama anayesikiliza mambo ya mtu mwingine, kisha akasema, "Zote mbili ni nzuri."

Chakula alichowapikia wageni hakukila. Alikionja, kwa ncha ya kijiko, na uso wa mtu anayepima homa. Supu za maziwa, samaki waliomwagiwa malimau, nyama isiyoiva katikati, yote hayo aliyaita chakula cha hospitali, na aliyapika vizuri mno. Wageni wakishamaliza, yeye alivua aproni, akakaa kwenye ngazi ya nyuma na ugali wake wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo iliyolala kwenye mawese, na dagaa. Hapo alikula bila kusema na mtu.

Ikafika wakati wageni wakaanza kutaka chakula cha hapa. Meneja, kijana wa Kichaga mwenye subira kubwa, alikwenda jikoni kumweleza. Nilikuwepo, nimefuata chai.

"Wanataka kula tunachokula sisi, Mpishi."

"Hapana."

"Ni wao wenyewe wanaomba."

"Mtoto naye anaomba kisu," Mpishi alisema. "Ukimpa mgeni chakula cha nyumbani atajiona yuko nyumbani. Kesho anaingia jikoni kunifundisha."

Walivutana msimu mzima. Mwishowe alikubali kwa masharti yake. Aliipika sombe kama kawaida, akaipanga katikati ya sahani nyeupe kubwa kama kichuguu, akasimamisha dagaa mmoja juu yake, akaipa jina la Kifaransa ambalo hakuna Mfaransa aliyewahi kulielewa. Wageni walishangilia. Mpishi aliwachungulia kupitia mlango wa kusukuma, akamwona mzee mmoja wa Kizungu anafuta sahani kwa kidole, akarudi kwenye jiko lake. "Leo wamekula kama watu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Alikuwa na majivuno, sitaficha. Kofia yake aliipiga pasi mwenyewe. Ukimaliza kuhudumiwa mezani alitoka, akasimama pale taa inapomfikia, akangoja asifiwe, na akisifiwa aliinamisha kichwa kidogo sana, kana kwamba amechelewa kuambiwa. Mgeni akisifu chumvi alikasirika. Alisema mtu anayesifu chumvi amekosa la kusifu. Wapishi wasaidizi aliwaita wavivu wote, waliokuwepo na waliokwisha kuondoka, na kila alasiri yeye mwenyewe alilala kwenye kiti cha turubai, mdomo wazi, mpaka chai. Alipambana na nyani uso kwa uso, lakini nimemwona amepanda juu ya stuli kwa sababu ya chura kwenye sinki, akimwagiza msichana wa vyombo kwa sauti ya chini, ya heshima, amwondoe mdudu yule taratibu.

Na alikuwa na wema aliouonea aibu. Malaria iliponilaza, uji wa ulezi wenye ndimu uliletwa chumbani kwangu asubuhi na jioni. Nilipomshukuru alisema ni masalio ya wageni. Wageni wetu hawakuwahi kunywa uji wa ulezi, na ulezi wenyewe haukuwemo stoo; uliletwa na boti kutoka Ilagala kwa kuagizwa. Sikumwambia kwamba najua. Angeacha.

Sasa nije kwenye nyani.

Nyani waliishi na sisi, au sisi tuliishi na wao. Mpishi na meneja hawakukubaliana juu ya hilo. Asubuhi walishuka kutoka msituni, wakakaa juu ya paa la jiko kwenye joto la bomba la moshi, wakangoja mtu akosee. Meza ikiachwa bila mtu muda wa kupiga chafya, mkate umekwenda. Mpishi alijigamba kwa kila aliyefika kwamba kwenye mabaraza wamechukua, kwenye mahema wamechukua, kwenye boti wamechukua, hata mswaki wa mwenye loji wamechukua, lakini jikoni mwake hakuna nyani aliyewahi kuweka mguu. Ndiyo ilikuwa fahari yake. Kuhusu chakula alikubali kubishana, kuhusu Bujumbura alikubali kubishana, kuhusu mlango wa jiko hakukubali.

Alikuwa amewapa vyeo. Jike mmoja aliyejaza mashavu kuliko wote aliitwa Mhazini. Mwembamba mwenye sikio lililopasuka, aliyetangulia kuchungulia kisha akarudi kuwaambia wenzake, alikuwa Katibu. Na dume kubwa, lenye manyoya ya kijivu mabegani kama koti la kuazima, ndiye alikuwa Mwenyekiti.

Mpishi na Mwenyekiti walikuwa na vita yao wenyewe. Mpishi alitumia manati, akatumia maji ya pilipili, akatumia kupiga sufuria. Mtoto wa mgeni mmoja aliacha nyoka wa plastiki. Mpishi akamlaza nyoka yule kwenye kizingiti, na kwa muda nyani hawakusogea. Kisha asubuhi moja tukamkuta Mwenyekiti amekaa juu ya tangi la maji, nyoka kamshika mkononi, anamtafuna mkia bila haraka huku anamtazama Mpishi. Mpishi alivua kofia, akaivaa tena, akaingia ndani. Siku ile chakula cha mchana kilichelewa.

Alimhutubia. Hilo ndilo wageni walilipenda. Mwenyekiti akifanikiwa kunyakua kitu mezani, barazani, Mpishi alitoka na mwiko na kumsema kwa Kiswahili cha Ujiji kilichochanganyika na cha ng'ambo ya ziwa, taratibu, bila kupaza sauti, kama anayemsuta mkwe.

"Weye si mtu wa kukosa," alimwambia siku moja. "Msitu mzima wako. Matunda yako, mizizi yako, hata panzi wako. Mimi nina unga tu. Nawe umeona uje kwenye unga."

Mwenyekiti alimsikiliza, akitafuna.

Mgeni mmoja aliyeyarekodi hayo aliandika mtandaoni kwamba amemwona mzee wa Kiafrika anayezungumza na wanyama na kuishi nao kwa udugu. Meneja alimsomea Mpishi, akimtafsiria. Tulidhani atakasirika. Alifikiri kidogo.

"Si uongo," alisema. "Mgeni huomba. Anayeiba mkate wako ni ndugu."

Miaka ikaenda, Mwenyekiti akazeeka. Hatukuona lini ilianza. Kwanza tuliona madume vijana wanakaa mahali pake karibu na bomba. Halafu akawa na jeraha pajani lililochelewa kupona. Halafu kundi likaanza kushuka bila yeye, na yeye akashuka baadaye, peke yake, akakaa chini karibu na tangi, si juu. Jino moja la mbele lilikuwa limekatika. Mpishi aliacha manati. Alisema mpira wake umelegea.

Mgeni aliyeumwa na Mwenyekiti alikuwa mama mmoja wa makamo, mtu mpole. Ilikuwa saa ya kifungua kinywa, jua limeshatoka, sote tupo. Mimi nilikuwa nyuma ya meza yangu, na kutoka pale baraza lote nililiona. Mwenyekiti alikuja akichechemea, akakaa kwenye ukingo. Yule mama akachukua kipande cha mkate wa ndizi, akakiweka juu ya kiganja, akamnyooshea, na kwa mkono wa pili akainua simu apate picha. Tunawaambia wageni wasifanye hivyo. Tunawaambia wakifika, tunawaambia wakila, na kuna kibao. Mwenyekiti akachukua mkate. Halafu, kwa sababu mama alitaka picha ya pili na mkono ulibaki palepale bila kitu, aliuma mkono.

Halikuwa jeraha kubwa, lakini mkono ni mkono. Nahodha alimpeleka Kigoma hospitali, akashonwa, akachomwa sindano zote zinazostahili, na baada ya siku chache akaruka kwenda kwao na bandeji. Hakumlaumu mtu. Alisema alikuwa amekaa tu, ametulia, nyani akamjia. Nadhani alipofika hospitali alikuwa ameshaanza kuamini hivyo.

Nilikwenda kwa meneja. "Alimpa mkate," nilimwambia. "Kwa mkono."

"Najua," alisema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yake."

"Sasa?"

"Sasa mgeni ni mgeni." Alijipangusa uso. "Nimeshatoa taarifa kama alivyosema yeye. Nikisema nyingine, mwenye loji atapata barua ya wakili kabla sijamaliza kusema."

Maofisa wa wanyamapori walikuja wawili na bunduki moja. Walikuwa vijana wenye adabu. Walituamkia wakubwa wote, wakanywa chai, wakaeleza kazi yao bila kuipenda wala kuichukia. Mnyama akishamvamia mtu aliyekaa kimya, walisema, atarudia. Anaondolewa. Kinachotakiwa ni kujua ni yupi, maana juu ya paa asubuhi ile walikuwa wengi, na Mwenyekiti alikuwa miongoni mwao; alikuwa amejikokota, akapanda, amekaa pembeni kabisa.

"Nani anaweza kutuonyesha?" aliuliza mkubwa wao.

Sote tuligeuka kutazama jikoni.

Mpishi alichelewa kutoka. Alikuwa akivaa kofia. Alipofika barazani yule ofisa alisimama. "Shikamoo, mzee. Tumeambiwa wewe unamfahamu huyu mnyama kuliko wote. Tumeambiwa umepigana naye."

"Marahaba. Nyani nimepigana nao, ndiyo."

"Yupi aliyeuma?"

Mpishi aliinua macho kwenye paa, akawapitia mmoja mmoja polepole, Mhazini, Katibu, vijana, mpaka mwisho wa paa, na macho yake hayakusimama popote.

"Nyani ni nyani," alisema. "Wote sura moja."

Msichana wa vyombo alikohoa. Meneja alitazama viatu vyake.

"Wenzako wanasema mkubwa umempa jina."

"Jina nimewapa wote. Nimewapa moja, ili nisichoke."

Yule ofisa alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Alimweleza kwa upole kwamba wakikosa mwenye hatia watalazimika kupiga dume kubwa kuliko yote yaliyopo, kwa usalama wa watu, na kwamba hilo lingekuwa la kusikitisha kama si yeye. Mwenzake alikuwa ameshashika bunduki, ameielekeza chini, anangoja. Juu ya paa Mwenyekiti alikuwa anajitafuta viroboto.

Mpishi akavua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona akiivua mbele ya wageni wa kazi.

"Andika," alimwambia ofisa. "Kosa ni la jiko. Siku ile niliacha mlango wa jiko wazi. Nyani akaingia, akachukua mkate, akatoka nao mbio, akakutana na yule mama njiani. Mnyama akiwa na chakula mdomoni na mtu yuko mbele yake, ataona anataka kunyang'anywa. Hata mimi ningeuma."

Hakuna aliyekuwa pale asiyejua kwamba mlango ule ulikuwa umefungwa. Ulikuwa umefungwa siku ile kama ulivyokuwa umefungwa siku zote.

"Uliacha mlango wazi," ofisa alirudia.

"Wazi kabisa."

"Ilikuwa mara ya kwanza?"

Mpishi aliigeuza kofia mkononi. "Hapana," alisema. "Nyani huingia. Mimi ni mzee, nasahau. Wameshaingia sana."

Kwa mtu mwingine ungekuwa uongo mdogo. Mimi nilimwona kama mtu anayevua nguo barazani.

Ofisa aliandika. Kisha akamweleza meneja kwamba hapo jambo linabadilika: kama chakula kilitelekezwa, kosa ni la watu, si la mnyama, loji inapewa onyo, jiko lizungushiwe wavu wa chuma, na mtu asiyefaa kukabidhiwa jiko asikabidhiwe. Meneja alisema ndiyo kwa kila neno. Walimaliza chai yao. Walipokuwa wanashuka kwenda kwenye boti, yule mwenye bunduki aligeuka akalitazama paa, akanong'ona kitu kwa mwenzake, wakacheka, na sidhani kwamba walikuwa wamedanganyika hata kidogo. Lakini karatasi ilikuwa imejaa vizuri na jua lilikuwa linapanda.

Nilimfuata Mpishi jikoni. Alikuwa anakata kitunguu.

"Kwa nini hukusema ukweli?" nilimuuliza. "Uliona kama nilivyoona. Mama alimlisha mwenyewe."

"Ukisema mgeni kakosa, watabishana mpaka jioni, na bunduki iko palepale. Ukisema umekosa weye, hakuna wa kukubishia." Alisukuma kitunguu kando. "Tena mlio wa bunduki karibu na jiko unaharibu hamu ya kula."

Nahodha aliambiwa sababu nyingine: kwamba dume lile likifa, vijana watakaoshika nafasi ni wabaya zaidi, ni heri adui unayejua saa zake za kuja. Meneja aliambiwa ya tatu. Zote zilikuwa nzuri.

Mwenye loji, anayekaa Arusha, alipopata taarifa alisema Mpishi amechoka na apewe nafasi ya kupumzika. Ndivyo wanavyosema. Alipewa saa ya ukutani na ndoo ya sukari, tukampigia makofi ufukweni, naye akatupa mkono mmoja mmoja kama anayeagana na msafara wa kiongozi. Hakuna aliyethubutu kuutaja mlango. Boti ilipoondoka, kofia alikuwa ameivaa, na upepo wa ziwa ulimlazimisha kuishika kwa mkono mpaka tulipoacha kumwona.

Jiko lilizungushiwa wavu. Mpishi mpya alikuja, kijana aliyesoma chuo, mwenye bidii na mikono safi, na chakula chake kilikuwa kizuri, ingawa hakutoka kusifiwa. Kutoka barazani ungemwona ndani ya wavu wake akihangaika na sufuria, na nyani nje wamekaa wamemzunguka, wengine na watoto wao migongoni, wanamtazama kwa utulivu. Wageni walipiga picha, lakini walikuwa hawajui wamwonee huruma nani.

Mwenyekiti aliishi mvua moja zaidi. Alikuwa akija peke yake saa ya kifungua kinywa, akakaa chini ya tangi, hakunyakua kitu. Siku moja hakuja. Nahodha alimkuta kwenye mchanga upande wa mto, amelala ubavu kama anayesikiliza, hana jeraha. Alimfukia palepale kwa kasia, bila kuagizwa na mtu.

Nilipopata likizo nikaenda Kigoma, na kabla ya kwenda kwetu Simbo nikapita Bangwe, ambako niliambiwa Mpishi anakaa kwa binti yake. Nyumbani hawakuwepo. Jirani alinielekeza nifuate moshi. Nyumba ya tatu kulikuwa na harusi, na nyuma ya nyumba, chini ya turubai la bluu, masufuria makubwa ya pilau yalikuwa juu ya mafiga, na Mpishi katikati, shuka kiunoni, kichwa wazi, akiwaamrisha wanawake wa mtaa mzima. Hakuna aliyemtii. Mmoja alikuwa anamwagia mchele maji huku yeye anasema usimwage.

"Shikamoo, Mpishi."

"Marahaba." Alinitazama kwa muda. "Mapokezi. Umekonda. Huyo kijana anawapa nini?"

Tulizungumzia hali ya kila mtu, meneja, Nahodha, msichana wa vyombo ambaye sasa ameolewa. Hakuuliza nilichojua anataka kuuliza. Nikangoja, naye akakoroga. Mwishowe nikaona nisimchoshe.

"Mwenyekiti amekufa," nilisema.

Mwiko uliendelea kuzunguka, kisha ukasimama.

"Wamempiga?"

"Hapana. Amekufa mwenyewe. Uzee. Nahodha alimkuta mchangani, akamfukia."

"Alimfukia vizuri?"

"Vizuri. Kwa kina."

Aliutoa mwiko kwenye sufuria, akaukung'uta ukingoni, akaulaza juu ya kifuniko. Akajifuta kiganja kwenye shuka. Kisha akaninyooshea mkono, kama mtu anavyomnyooshea mfiwa, akaushika wangu na kuutikisa mara moja.

"Pole kwa msiba," alisema.

"Tumeshapoa," nilijibu. Sikujua jibu lingine.

Mwanamke mzee aliyekuwa anachambua iliki kwenye ungo alinyanyua kichwa. "Jamani, nani kafariki?"

"Mtu wa kazini kwetu," Mpishi alisema, kabla sijafungua mdomo. "Tumekaa naye miaka mingi."

"Aa, poleni." Wengine nao wakageuka, mmoja baada ya mwingine, mikono ina vitunguu na mafuta, pole mama, pole mzee, poleni sana. Nikawa naitikia huku na huku. Mmoja akaniletea kiti. Bibi wa iliki akatikisa kichwa chake kwa huzuni ya kweli.

"Ameacha watoto?"

"Wengi," Mpishi alisema.

"Masikini. Na alikuwa mtu wa namna gani?"

Mpishi aliuchukua mwiko wake. Aliuzamisha sufuriani hadi chini, akainua mchele, akautazama mvuke, na nikaona kwamba anatafuta jibu ambalo halitakuwa uongo.

"Alikuwa mwizi," alisema. "Lakini kazini hakuchelewa hata siku moja."

Bibi alifikiri juu ya hilo. "Basi Mungu amsamehe," akasema.

Wanawake wote wakaitikia. Mpishi hakuitikia, alinitazama mimi, akanitazama bila kupepesa, mpaka nami nikasema amina.